Flopi Zilizokaa Juu ya Moshi

Lushoto, dukani, saa kumi jioni

Mwanangu Zaina,

Barua za watu nilizopiga chapa mjini hapa hazina idadi, na karibu zote zilianza kwa kuulizana hali na kusema huku sisi hatujambo. Yangu sijui niianzeje. Hali zetu tunazijua: wewe umekwenda Gare kumuaga mwalimu wako, utarudi kabla ya magharibi, na kesho alfajiri unashuka mlima kwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta. Naandika kwa kalamu, mimi Mama Chapa ambaye watu husema vidole vyangu vina macho. Utaona mwenyewe kwa nini sikutaka kuyaweka maneno haya ndani ya mashine.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala uweke vyeti chini kabisa ya sanduku. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka jana ukasema, "Mama, hata nikilala nayasikia." Haya, nimenyamaza. Nataka kukueleza kwa nini juzi nilikufokea.

Mwezi uliopita ulirudi kutoka Gare na sidii ya mwalimu wako. Ukasema, "Mama, kuna mfumo mpya, mwepesi, wa bure. Tumpe Bibi." Bibi ndiyo kompyuta yetu ya kwanza, ile uliyoipa jina hilo utotoni kwa sababu ilikuwa inakoroma, na ambayo kwa miaka imekaa pembeni chini ya kitambaa cha kufuma. Nilikucheka. Nikasema yule alishakufa, mwache apumzike. Wewe ukamfungua, ukampuliza vumbi, ukahamisha memori kutoka kwenye mashine nyingine mbovu, na siku ya tatu Bibi akawaka. Kioo kikaja na rangi zake, ukapiga kelele mpaka muuza mapeasi wa nje akachungulia. Nilifurahi, wallahi nilifurahi.

Halafu juzi ukaniuliza, "Mama, diski ya Bibi inaonekana iliwahi kufutwa yote hapo zamani. Nani aliifuta?"

Nikajibu, "Umeme."

"Umeme haufuti hivi, mama. Hapa kuna mtu aliyefuta. Na vitu vikifutwa hivi havipotei vyote, vingine hubaki chini. Nikifika Dar nitapata programu, nitavitafuta."

Hapo ndipo nilipokurukia. Nilisema usiiguse tena mashine ile, nikasema mtoto mjuaji hana adabu, kisha nikakutolea lile neno, kwamba umesahau ulikookotwa. Niliona uso wako ulivyobadilika. Miaka tisa tumekaa pamoja na sikuwahi kukutamkia kitu cha namna hiyo. Kwa neno hilo naomba unisamehe, nalo nalitaja mapema kabla sijafika kwenye lile ambalo sina uso wa kukuomba lolote.

Hukuokotwa popote. Sikiliza.

Zamani nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali, hapahapa Lushoto. Walipoanza kupunguza wafanyakazi, orodha ya wanaoondoka niliipiga chapa mimi mwenyewe, na jina langu lilikuwa la pili. Niliipiga bila kosa hata moja. Bosi akaichukua, akaisoma, akasema ahsante Hadija, akashindwa kuniangalia. Kiinua mgongo nilichopata nilikipeleka Tanga, kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa, nikarudi na kompyuta iliyokwishatumika na printa yake. Watu walisema nimerogwa. Mwanamke hana mume, hana mtoto, anakwenda kununua sanduku la kuongea nalo!

Mfumo wake ulikuwa ule wa zamani, kioo cheusi na herufi nyeupe, huna picha wala kipanya, unaandika amri ndiyo inakutii. Nilijifunza peke yangu kwa kijitabu. Baada ya miezi michache walionicheka ndio waliokuwa wanapanga foleni. Walitoka Mlalo, walitoka Lukozi, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, mihtasari ya vikao. Kiburi kikaniingia, Zaina. Si kidogo. Nilikuwa natembea mjini hapa utadhani mimi ndiye niliyeitengeneza ile mashine.

Sasa unajua ukungu wetu wa mwezi wa saba, unavyoingia mpaka ndani ya kabati. Flopi zangu, vile vidiski vya plastiki nilivyohifadhia kazi za watu, zikaanza kuota kuvu. Nikaona moja, nikaona ya pili. Nikafikiri nitazihifadhi wapi pakavu? Nikamkumbuka marehemu mama yangu. Kila mwaka mama alikuwa anachagua mahindi mazuri kuliko yote, anayafunga mafungu, anayatundika darini juu ya mafiga. Moshi unayapiga mchana na usiku. Hayaingiwi na dumuzi wala unyevu, na mvua zikija mbegu zinaota zote. Hakuna nyumba ya Kisambaa isiyojua hilo. Nikazipanga flopi zangu kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunika, nikalipandisha darini jikoni kwangu, kando ya mbegu. Nikajipongeza. Nikasema hata wazungu waliozitengeneza hawajui ujanja huu.

Cheka, mwanangu, kama unaweza. Mimi sijui huu ni mwaka wa ngapi nashindwa kucheka.

Katika msimu huohuo alikuja babu yako.

Najua unamkumbuka kidogo. Ulikuwa na miaka saba, na mara moja uliniambia unakumbuka fimbo yake na kikohozi chake. Mzee Shemboza wa Lukozi. Alikuja siku ya soko pamoja na mama yako, Mwanaidi, ambaye alikuwa ameachika na kurudi nyumbani na wewe mgongoni, na tangu hapo alilima lile shamba la bondeni pembeni ya mfereji, kabichi na karoti, kwa mikono yake. Zamani bonde lile lilikuwa halina mwenyewe wa kuligombania. Malori yalipoanza kupanda kutoka Dar kufuata mboga, kila mtu akaliona. Wajomba zako nao wakaliona.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye lile benchi. Akasema, "Mwanangu, nimesikia maneno yakiingia humo ndani hayatoki."

"Hayatoki mzee, ila ukitaka."

"Basi nataka kuweka maneno."

Akaeleza. Shamba la bondeni anampa Mwanaidi. Hataki kulisema kwa mdomo, maana ameona kwa ndugu zake, maneno ya mdomo huzikwa pamoja na mwenye mdomo. Hataki pia wanawe wa kiume wajue kabla karatasi haijawa tayari, nyumba isije ikawaka moto. Ikishatoka karatasi atawaita wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji nyumbani kwake siku moja, isomwe mbele ya wote, aweke dole gumba na wao waweke saini. Alikuwa amelifikiria jambo lile mpaka mwisho, mzee yule. Kitu kimoja tu kilichobaki kilikuwa mimi.

Akasema kwa Kisambaa, mimi nikaandika kwa Kiswahili palepale akisema. Nusu saa haikufika. Nikamsomea. Nilipofika kwenye jina la mama yako akainua mkono, "Rudia hapo." Nikarudia. Akamtazama mama yako, naye akaangalia chini, machozi yakimdondokea kwenye khanga. Akasema tena, "Rudia." Jina lile nikawa nimelisoma mara tatu.

Printa ilikuwa imeishiwa wino, na wino ulitoka Tanga. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Nikahifadhi maneno yake kwenye diski ya mashine, nikahifadhi na kwenye flopi, na flopi ikapanda darini juu ya moshi pamoja na zile nyingine.

Ndani ya wiki zile mbili jamaa mmoja akafungua duka la uchapaji ng'ambo ya barabara. Kompyuta mpya, kioo cha rangi, kipanya, mfumo mpya. Watu wakaanza kuja na flopi kutoka Dar, mimi nikiziingiza, mashine yangu inatema maneno ya ajabu ajabu. "Mama Chapa, mashine yako imezeeka," wanasema, na wanacheka vizuri tu, bila ubaya. Siku moja mwalimu mkuu mmoja, mteja wangu tangu siku ya kwanza, alikuja na mitihani yake. Haikufunguka. Akachukua flopi yake kutoka mkononi mwangu, akasema samahani mama, akavuka barabara. Nilimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa yule jamaa. Nikaona moto kifuani.

Nikamwita fundi kutoka Tanga, Ernest, mtu mzima, mpole. Nikamwambia anipigie windo mpya, ndivyo walivyokuwa wanasema, kupiga windo, yaani kuweka mfumo mpya. Akaifungua mashine akaguna. "Mama, huyu ni mzee. Memori ndogo, diski ndogo. Mfumo mpya utamlemea. Utamwasha, utakwenda kusalimia jirani, utarudi hajaamka."

"Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana. Lakini nafasi haitoshi mpaka tufute vyote vilivyomo. Umetoa kopi?"

"Nimetoa."

"Umezijaribu? Zinafunguka?"

Zaina, swali hilo nimelisikia kila siku tangu siku ile. Jikoni kwangu ni mwendo wa dakika kumi. Ningekwenda, ningelileta lile kopo, tungeingiza flopi moja tu. Badala yake nilimwangalia fundi wa watu juu mpaka chini nikasema, "Unanifundisha kazi?"

Akasema, "Basi, yaishe, mama." Akafuta.

Ilichukua siku mbili kumvika mzee yule nguo mpya. Ilikwama, ikazimika, Ernest akaongeza memori aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, mwisho ikawaka. Rangi! Watu walijaa mlangoni. Ilikuwa nzito, ukibofya kitu unasubiri, lakini inafanya. Mwalimu mkuu akarudi. Siku tano nilikuwa bibi harusi wa mji huu.

Siku ya sita wino ukafika. Nikaenda nyumbani kuleta kopo. Nilipofungua tu, harufu ya moshi ikanipiga puani. Flopi zilikuwa na utando mweusi unaonata, na kile kibati cha kuteleza kimeganda. Nikaifuta moja kwa khanga, nikaiingiza. Haisomeki. Nikaingiza nyingine. Haisomeki. Niliingiza zote, moja baada ya nyingine, mchana kutwa, mlango nimeufunga. Yale masizi na joto yaliyokuwa yanalinda mbegu ndiyo yaliyoua kila kitu. Barua na katiba za watu hazikunitisha, wenyewe walishachukua karatasi zao. Iliyonitisha ni moja.

Sasa nakuomba usome polepole, kwa sababu watu wengi wakisikia habari hii watadhani kosa langu ni moshi. Hapana. Moshi ulikuwa ujinga, na ujinga hausutwi.

Kesho yake babu yako alikuja. Alipanda basi dogo kutoka Lukozi, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Nikamwamkia. Akaketi akivuta pumzi. "Haya mwanangu, maneno yangu yametoka?"

Boksi la wino lilikuwa nyuma yangu, kwenye rafu, halijafunguliwa. Nilichotakiwa kusema ni hiki: mzee, nimefuta kwa bahati mbaya, nisamehe, keti hapo tuandike upya. Basi. Nusu saa. Angenisema kidogo, pengine angecheka, na angeondoka na karatasi yake siku hiyohiyo. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama wateja wawili wanasubiri, na mmoja ni yule mwalimu mkuu. Niliona nikisema nimefuta, habari itavuka barabara kabla ya adhuhuri. Nikasema, "Wino bado, mzee."

"Mashine inaumwa?"

"Haiumwi. Ni wino tu."

"Basi nitarudi."

Nilijiambia nitaandika mwenyewe kwa kumbukumbu, nitachapa, hatajua. Nikaanza. Maneno nayakumbuka, lakini nikaogopa. Mpaka ni mkuyu au ni jiwe? Alisema upande wa juu au upande wa chini? Nikasema akirudi nitamdodosa kijanja. Alirudi baada ya wiki, na kikohozi kimezidi, na siku hiyo ameniletea viazi kwenye kikapu. Duka limejaa tena. Nikasema tena wino bado. Nilimwangalia anavyoshika ukingo wa mlango ili ashuke ngazi mbili zile. Viazi vyake nilivipika nikala. Vilikuwa vizuri.

Mara ya tatu alikuja mama yako peke yake, amejifunga khanga kichwani kimsiba. Nikajua mzee ameondoka.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuniumbua. Kifo kilinificha, na hilo ndilo baya zaidi. Mtu ambaye ningelazimika kumwambia kwamba nilifuta alikuwa amezikwa.

Arobaini haijafika wajomba zako wakamwambia mama yako aondoke bondeni. Akaenda baraza la kata. Akasema baba yake alimpa shamba, akasema maneno yaliandikwa kwangu, akasema aliyasikia yakisomwa kwa masikio yake. Nikaitwa. Ulikuwepo, Zaina. Ulikuwa umekaa mapajani kwake unakula plamu, na juisi ilikutiririka mpaka kwenye kiwiko, na kila mara mama yako alikuwa anakufuta bila kuangalia.

Mwenyekiti wa baraza akaniuliza, "Mama Chapa, marehemu aliandikisha wosia kwako?"

Nikasema, "Alikuja. Lakini hatukumaliza kuandika. Umeme ulikatika."

Hakuna aliyenihonga. Ningefurahi leo kukwambia nilihongwa, au nilitishwa na wajomba zako, ingekuwa sababu. Wao hawakunisemesha hata salamu. Niliogopa kuulizwa karatasi iko wapi, niliogopa watu wote waliokaa pale kujua kwamba maneno yakiingia kwa Mama Chapa yanapotea. Nilifikiria duka. Nilifikiria yule jamaa wa ng'ambo ya barabara. Kwa ajili ya hayo nilimtazama mwanamke mwenzangu usoni, nikamnyang'anya shamba kwa neno "umeme".

Mama yako hakupiga kelele. Alikubeba, akapita karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, hata wewe?" Akatoka.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Alikuacha kwa bibi yako mzaa mama, akashuka chini kwenye mashamba ya mkonge. Mwanamke aliyekuwa anaamka na maji ya mfereji wake mwenyewe akaenda kukata majani ya watu kwenye jua lile. Baada ya miaka miwili akarudishwa mgonjwa, amebaki mifupa. Sikwenda kumwona. Mara mbili nilifika stendi, nikageuka.

Ulipoletwa kwangu mji mzima ulinisifu. Mama Chapa ana moyo, hana mtoto lakini amechukua yatima asiye ndugu yake. Na wewe umekua ukiliamini hilo. Kila siku ya Idi unaponishika mkono na kusema ahsante mama kwa kunichukua, mimi huenda jikoni. Ukweli ni kwamba bibi yako ndiye aliyekuleta, na aliniambia maneno ya mwisho ya Mwanaidi. Alisema, "Mtoto mpelekeni kwa Mama Chapa. Yeye atajua kwa nini."

Bibi yako akaniuliza, "Kwa nini?" Nikasema tulikuwa marafiki.

Kwa hiyo hukuokotwa, na mimi sikukuchukua kwa wema. Ulitumwa. Mwanzoni nilikuogopa. Nilikuwa nakupikia na kukuogesha kama mtu anayefanya kazi aliyohukumiwa. Halafu ukapata surua, siku nne hujui mtu, na siku ya tano ukafumbua macho ukaniita mama. Kuanzia hapo sikuwa tena na ujanja. Nilikupenda, na kadiri nilivyokupenda ndivyo mdomo ulivyozidi kufungika. Kila mwaka nilisema akimaliza darasa la saba nitamwambia. Akimaliza kidato cha nne. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilikuwa nayasimamia tu yakizidi kuenea.

Mpaka juzi uliposema vingine hubaki chini. Nilifoka kwa sababu niliogopa utayakuta. Ndiyo. Mimi, ambaye miaka yote nilikuwa naomba Mungu yarudi, nilipoambiwa yanaweza kurudi niliogopa. Jana nilipokuwa nakukunjia nguo nikaona aibu ya kitu hicho kuliko yote niliyoyafanya zamani.

Leo asubuhi, ulipotoka, nimemfungua Bibi kwa ile bisibisi yako. Nimeitoa diski. Imefungwa kwenye khanga ya mama yako, ile ya bluu, katikati ya nguo zako ili isigongwe. Mwonyeshe mtu anayejua. Itawezekana imebaki mistari miwili, itawezekana hakuna kitu kabisa, maana mfumo mpya ulikanyaga juu yake kwa miaka. Usiumie sana ukikosa. Kama una neno moja la kuchukua kutoka kwangu kwenye kazi yako hiyo, ni lile la Ernest: ukisema umetoa kopi, ifungue kwanza uione. Na siku ukifuta kazi ya mtu, na utafuta, maana kila fundi hufuta, mwambie siku hiyohiyo angali hai na ana nguvu ya kukugombeza. Mimi sikujua kitu kingine chochote maishani kwa uhakika kama ninavyojua hicho.

Kesho basi lako likishaondoka, mimi sitafungua duka. Napanda gari la Lukozi. Nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu kwa mjomba wako mkubwa nyumbani kwake, kisha baraza la kata. Nitasema nilidanganya. Pengine wataniambia muda umepita. Pengine watanifungulia kesi, na ni haki yao. Wajomba zako wamejenga bondeni, wana watoto pale, hawatasema karibu mama. Na mji huu utasema utakavyosema. Yule jamaa wa ng'ambo ya barabara atapata wateja wake. Siwezi kukuahidi shamba, mwanangu. Nakuahidi kwamba nitalisema jina la mama yako mbele ya watu walewale, waliobaki.

Barua hii utaikuta chini ya vyeti, ukifika. Nimeiweka huko makusudi, kwa sababu bado mimi ni mwoga, na kesho alfajiri nataka unikumbatie mara moja zaidi ukiwa hujui. Hilo nalo niandikie kwenye makosa yangu.

Ukishajua, uniite utakavyo. Ukiniita Hadija nitaitika. Usiponiita kabisa nitajua kwa nini.

Maneno ya babu yako nimeyaandika hapa chini, yote ninayoyakumbuka. Mahali nisipokuwa na hakika nimeacha wazi, sikujaza changu. Nakala ya pili ninayo mfukoni kwa safari ya kesho.

"Mimi Shemboza wa Lukozi, nikiwa na akili zangu, nasema kwamba shamba la bondeni, kuanzia mfereji mpaka ……… na kutoka mstari wa masale yaliyopandwa mpakani mpaka njia ya msikitini, nimempa binti yangu Mwanaidi, kwa sababu ndiye aliyelilima, na ndiye aliyenipikia uji nilipokuwa siwezi kusimama. Ndugu zake wasimsumbue. Na siku akifa yeye, lisirudi kwa kaka zake. Liwe la yule mtoto wake wa kike, ambaye sasa hivi yuko nje anacheza na fimbo yangu."

Huyo ni wewe, Zaina.

Hadija